"Tit for tat" si "jino kwa jino"

Marekani ikipandisha ushuru wa bidhaa za China, na China ikajibu siku hiyohiyo, magazeti ya Kiingereza huandika "tit for tat". Habari ikifika kwetu, mfasiri aliyebanwa na saa huandika "jino kwa jino", au "walipiziana kisasi", kisha huyo, anahamia habari za mpira. Simlaumu. Nimekalia kiti hicho, na "jino kwa jino" nimeiandika mara nyingi tu. Lakini nahau ya Kiingereza na hii ya kwetu hazisemi jambo moja. Ya kwetu imetoka mahakamani, ya Kiingereza imetoka kwenye utani wa kugusana, na tofauti hiyo inabadilisha habari yenyewe: kama ugomvi unaosimuliwa umefika mwisho, au ndiyo kwanza zamu ya pili.

Anayefungua kamusi ya Kiingereza kutafuta "tit" peke yake atakutana na ndege mdogo wa bustani za Ulaya, na mistari michache mbele atakutana na neno la mitaani la titi la mwanamke, hapo atafunga kamusi haraka kama yupo na wakwe. "Tat" nayo atakuta ni vitu vya mapambo visivyo na thamani. Hakuna hata kimoja kinachohusika. Wanaofuatilia historia ya maneno wanaona kwamba msemo huu huenda umegeuka kutoka "tip for tap". "Tip" ya wakati huo ilikuwa kugonga kwa wepesi. "Tap" mpaka leo ni kugonga kidogo, kama mtu anavyobisha mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Ukiitafsiri kwa uaminifu unapata kitu kama "kikofi kwa kikofi", na hiyo "ki-" ndiyo kiini chake.

Umbo tunalolijua leo limo katika shairi refu la John Heywood lililochapishwa London mwaka 1556, The Spider and the Flie, yaani Buibui na Nzi. Heywood alikuwa mcheshi wa ikulu, mwanamuziki na mkusanyaji wa methali. Mkusanyiko wake wa methali za Kiingereza ulitoka mwaka 1546. Shairi lenyewe ni fumbo la kidini: nzi ni Wakatoliki, buibui ni Waprotestanti, na mwishoni anatokea mjakazi na ufagio wake, ambaye ni Malkia Mary, anamponda buibui. William Harrison, aliyeishi zama hizohizo, alilalamika kwamba si msomaji wala mtunzi mwenyewe awezaye kuifikia maana yake. Mstari unaotuhusu umo ndani ya majibizano: mmoja kasema, mwenzake karudisha vilevile, na hiyo ndiyo inayoitwa tit for tat. Kwa hiyo tangu karne ya 16 msemo huu ulishatumika pasipo mtu kupigwa. Yalikuwa maneno yakijibiwa kwa maneno.

Wapo waliojaribu kuupa asili ya Kiholanzi, dit voor dat, "hiki kwa kile", na wengine ya Kifaransa, tant pour tant, "kiasi kwa kiasi". Yanapendeza masikioni, ila ushahidi wake hauzidi kule kufanana kwa sauti.

Na sauti ndiyo iliyoubeba msemo huu karne zote hizo. Waingereza wanapenda mno kutengeneza maneno pacha kwa kubadili irabu moja tu, i ikitangulia, kisha a au o: zigzag, chit-chat, tick-tock, ping-pong. Maana hubaki nyuma, mdundo unatangulia. Utamu huo nasi tunaujua. Waliokuwa wanafuatilia siasa za Tanzania kuelekea uchaguzi wa mwaka 2000 wanakumbuka chama cha upinzani cha CUF walivyojiita ngangari, na mkuu wa jeshi la polisi wa wakati huo akajibu kwamba kama wao ni ngangari, polisi ni ngunguri. Nani aliwahi kulisikia neno ngunguri kabla ya hapo? Lakini nchi nzima ilielewa papo hapo, kwa sababu jibu lilichukua neno la mpinzani, likageuza irabu, likamrudishia mwenyewe. Sijaona mfano bora zaidi wa tit for tat katika Kiswahili. Miezi michache baadaye, Januari 2001, waandamanaji walipigwa risasi Unguja na Pemba, na hapo hapakuwa tena na mchezo wa irabu. Tuweke jambo hilo kando kidogo, tutalihitaji.

Kituko kimoja kabla sijaendelea. Watu wa mashariki ya London wana mtindo wa kuficha neno nyuma ya jingine lenye kina kimoja nalo. Kofia kwao ni hat, na hat ina kina kimoja na tat, basi kofia ikawa "tit for tat", baadaye wakaikata ikawa titfer. Mzee wa huko akiulizia titfer yake hana ugomvi na mtu, anataka kuondoka.

Sasa jino.

Kwenye jiwe jeusi lililochimbuliwa Susa, Iran ya leo, mwaka 1901 na 1902, ambalo sasa limesimama katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, zimechongwa sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, za takriban mwaka 1750 kabla ya Kristo. Sheria ya 196 inasema muungwana akiharibu jicho la muungwana mwenzake, lake nalo liharibiwe. Sheria ya 200 inasema hivyohivyo kuhusu jino. Usawa huo ulikuwa wa waungwana kwa waungwana tu. Jicho la mtu wa tabaka la chini lililipiwa mina moja ya fedha (mina ni kipimo cha kale cha uzito), na la mtumwa nusu ya bei yake. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, nacho kina orodha yake: jicho kwa jicho, jino kwa jino, mkono kwa mkono, mguu kwa mguu. Warumi, katika sheria zao za Mbao Kumi na Mbili za karne ya 5 kabla ya Kristo, waliiita talio, na kutoka hapo Kiingereza kikapata kitenzi chake cha kulipiza, retaliate. Hata hao Warumi waliacha mlango wazi: talio ilikuwa kwa ambao wameshindwa kupatana.

Wengi huisikia "jino kwa jino" kama kibali cha ukatili, kumbe ilikuwa breki. Ukitaka kujua ilikuwa inazuia nini, rudi Mwanzo sura ya 4, pale Lameki anapojigamba mbele ya wake zake wawili kwamba ameua mtu aliyemtia jeraha tu, na kwamba ikiwa Kaini hulipiziwa kisasi mara saba, yeye ni mara sabini na saba. Kwa mtu wa hesabu hizo, jino moja kwa jino moja ni punguzo kubwa.

Neno letu "kisasi" nalo lina mkasa wake. Limetoka kwenye Kiarabu qisas, ambalo katika fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, ni adhabu inayolingana na kosa, inayosimamiwa na sheria, na ambayo mwenye haki anaweza kuisamehe. Sura ya Al-Maida, aya ya 45, inataja roho kwa roho, jicho kwa jicho, pua kwa pua, sikio kwa sikio na jino kwa jino, kisha inasema mwenye kusamehe, msamaha huo ni kafara kwake. Na katika Al-Baqara, aya ya 179, msomaji wa tafsiri ya Kiswahili anakuta kwamba katika kisasi mna uhai. Asiyejua hushtuka. Uhai gani, wakati kisasi anachokijua yeye ni kumvizia mtu uchochoroni usiku? Neno lilipovuka bahari liliacha kipimo chake bandarini, likashuka Pwani na hasira peke yake.

Basi tazama ilivyo. Jino la mtu mzima halioti tena. Hakimu akishaling'oa la pili, kesi imefungwa, na hao wawili wanaweza wasionane mpaka kufa. Kikofi hakina mwisho wa namna hiyo, maana kimetolewa ili kirudishwe. Nahau ya jino inatazama nyuma na kuuliza deni ni kiasi gani. Nahau ya kikofi inatazama zamu ijayo, na ina maana tu kwa watu watakaokutana tena kesho: majirani, mawifi, wabia wa duka moja, nchi zinazopakana.

Kiswahili kina misemo mingine ambayo mfasiri angeweza kuijaribu, na kila mmoja unavuta upande wake. "Ukimwaga mboga, namwaga ugali" husemwa kabla, wakati sufuria bado lipo mekoni. Ni kitisho. Na kinachotishiwa si cha kulingana, kwa kuwa mboga si ugali, na vyote viwili vikimwagika nyumba nzima inalala njaa. Wakubwa waliolundika mabomu ya nyuklia wakati wa Vita Baridi walihitaji vitabu vizima kueleza kitu ambacho mama yeyote jikoni angewaambia kwa maneno manne. "Dawa ya moto ni moto" inachagua silaha, haijali kipimo. "Mwosha huoshwa" ina usawa kamili, lakini malipo yanatoka kwingine. Maiti niliyemwosha mimi siye atakayeniosha. Iliyo karibu zaidi kwa umbo ni "nipe nikupe", hasa wanavyoitumia watangazaji wa mpira kwa mechi ya kushambuliana zamu kwa zamu, ila imeshachafuka kwa harufu ya rushwa. Mimi siku hizi huandika "wakajibizana kwa kipimo kilekile". Ni refu, najua. Wahariri hulikata.

Mahali ambapo tit for tat huchezwa kwa usafi kuliko kwingine kote ni katika kufukuza mabalozi na maofisa wao. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ibara ya 9, unairuhusu nchi kumtangaza mwanadiplomasia yeyote kuwa hatakiwi, wakati wowote, bila kutoa sababu. Kwa hiyo silaha ipo mezani kwa kila mmoja, ni ya aina moja, na inahesabika kwa vichwa. Septemba 1985, baada ya afisa wa KGB, shirika la ujasusi la Wasovieti, jijini London, Oleg Gordievsky, kuhamia upande wa Uingereza, serikali ya Margaret Thatcher iliwafukuza Wasovieti 25. Moscow ikafukuza Waingereza 25. London ikaongeza 6. Moscow ikaongeza 6. Yote hayo yaliisha ndani ya wiki moja, 31 kwa 31, kama matokeo ya mechi.

Sawa kwa hesabu, siyo kwa maumivu. Ubalozi wa Uingereza mjini Moscow ulikuwa mdogo kuliko wa Wasovieti jijini London, kwa hiyo watu 31 walikuwa pengo kubwa zaidi upande mmoja. Balozi Bryan Cartledge, aliyekuwa anatazama ofisi yake ikibaki tupu, alimwonya Thatcher kwa simu ya maandishi kwamba asiingie kwenye mashindano ya kukojoa na kicheche, kwani mnyama huyo ana vipaji vyake vya kuzaliwa. Lugha ya kidiplomasia ina siku zake za mapumziko.

Machi 2018, baada ya jasusi wa zamani Sergei Skripal na binti yake kuwekewa sumu Salisbury, Uingereza ilifukuza Warusi 23. Urusi ikafukuza Waingereza 23, idadi ileile, kisha ikafunga shughuli za British Council na ubalozi mdogo wa Uingereza mjini St Petersburg. Angalia hiyo "kisha". Kikofi kilirudi kikiwa na ukucha.

Ushuru ni vigumu zaidi kuuchezea hivyo. Tarehe 6 Julai 2018 Marekani ilitoza asilimia 25 kwa bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 34, na siku hiyohiyo China ikatoza asilimia 25 kwa bidhaa za Marekani za dola bilioni 34. Agosti ikawa bilioni 16 kwa bilioni 16. Mpaka hapo ni tit for tat ya kitabuni. Septemba Marekani ikaenda kwenye bidhaa za dola bilioni 200, na China ikajibu kwa bilioni 60. Haikuwa imepoa moyo. China haikuwa inanunua vya kutosha kutoka Marekani kuweza kufikisha 200. Vikofi vilikuwa vimeiishia. Aprili 2025 wakarudi ulingoni, safari hii wakipandishiana asilimia badala ya thamani, mpaka Marekani ikafika asilimia 145 na China 125. Kwa viwango hivyo biashara nyingi inakuwa haiwezekani, na kila nyongeza inayofuata ni wino tu. Mei wakakutana Geneva wakashuka hadi 30 na 10.

Karibu na nyumbani kuna mfano ninaoupenda kwa sababu uliitwa tit for tat na haukuwa. Tarehe 15 Januari 2024 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways hazitaruhusiwa tena kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Sababu: Kenya ilikuwa imekataa Air Tanzania isafirishe mizigo kati ya Nairobi na nchi nyingine za tatu. Magazeti ya pande zote mbili yalichemka. Siku iliyofuata, tarehe 16, Kenya ikatoa kibali cha mizigo, Tanzania ikaondoa zuio, na hakuna abiria hata mmoja aliyebaki uwanjani.

Pima tukio hilo kwa misemo yetu. Kilichonyimwa ni mizigo, kilichorudishwa ni abiria. Havilingani kwa aina wala kwa ukubwa. Na jibu lilitangazwa wiki moja kabla ya kuanza kazi. Mboga ilikuwa imemwagwa kweli, lakini ugali ulionyeshwa tu ukiwa umeshikwa juu juu, sufuria limeinamishwa. Wiki hiyo moja ndiyo iliyomaliza kesi. Aliyeandika "jino kwa jino" aliwaambia wasomaji wake kwamba pameng'olewa kitu, wakati hakuna kilichokuwa kimeng'olewa.

Kilichoipa nahau hii heshima ya kisayansi ni mashindano ya kompyuta. Robert Axelrod, mwanasayansi wa siasa wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyachapisha matokeo yake mwaka 1980. Chukua mfano huu: wewe una gunia la mahindi lililoshonwa, mwenzako ana bahasha iliyofungwa. Mnabadilishana stendi, basi linaunguruma, hakuna muda wa kufungua. Gunia linaweza kuwa la pumba. Bahasha inaweza kuwa na karatasi za daftari. Wote mkiwa waaminifu, kila mmoja anapata pointi 3. Wote mkidanganyana, 1. Mmoja akimdanganya aliye mwaminifu, tapeli anapata 5 na aliyetapeliwa 0. Kwa safari moja tu, hesabu inakushauri utapeli, chochote atakachofanya mwenzako. Lakini je, kama mtakutana stendi hiyohiyo mara 200?

Axelrod aliwaomba wataalamu watume programu za kucheza mchezo huo, kila moja dhidi ya kila nyingine. Zilikuja 14, naye akaongeza ya 15 iliyokuwa inacheza ovyo kwa bahati nasibu. Baadhi zilikuwa ndefu, zenye kunusa udhaifu wa mpinzani na kumvizia. Iliyoongoza ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport wa Chuo Kikuu cha Toronto, mtu aliyezaliwa mwaka 1911 katika Ukraine ya leo na aliyekuwa mpiga piano kabla ya kuingia kwenye hisabati. Aliiita Tit for Tat. Ina maagizo mawili: mara ya kwanza kuwa mwaminifu, baada ya hapo, fanya kile alichokufanyia mwenzako mara iliyopita. Axelrod akaitisha mashindano ya pili, zikaja programu 62 kutoka nchi 6, watunzi wake wote wakijua nani alishinda mwanzo na kwa nini. Ikashinda tena.

Ajabu yake ni kwamba haimshindi mtu. Katika pambano lolote la wawili, Tit for Tat haiwezi kupata pointi nyingi kuliko mpinzani wake, kwa kuwa haitangulii kutapeli hata siku moja. Inatoka sare au inafungwa kidogo. Inaongoza ligi kwa sare za mabao mengi, huku wale wajanja wakimalizana wenyewe kwa wenyewe. Wahenga wetu waliwahi kuiandika programu hiyo kwa maneno machache: akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Nusu ya kwanza ni kurudisha. Nusu ya pili, ambayo watu huisahau, ni kutomgusa ambaye hajakugusa.

Axelrod aliiona hali hiyohiyo kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, upande wa magharibi, ambako vikosi vya Waingereza na Wajerumani vilikaa vikitazamana kwa miezi. Wasipopigwa mizinga wakati wa chakula, nao hawakupiga wakati wa chakula cha wenzao. Akikiuka mmoja, anajibiwa, kisha mambo yanarudi yalivyokuwa. Majenerali waliukomesha ustaarabu huo kwa kuamuru mashambulizi ya ghafla ya usiku, ambayo askari hawakuweza kuyaigiza.

Lakini programu ya Rapoport ina ugonjwa mmoja, nao ni makosa. Weka Tit for Tat mbili zicheze pamoja. Zitakuwa zinapata 3 na 3 milele, mpaka siku moja gunia lilowe mvua njiani na mahindi yaoze bila mtu kukusudia. Mwenzake anaona pumba, analipa karatasi. Wa kwanza anaona karatasi, zamu inayofuata anatoa pumba. Sasa mmoja anapata 5 na mwingine 0, wakipokezana, wastani wa 2.5 badala ya 3, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye agizo la kusimama. Likitokea kosa la pili mahali pabaya wote wanaangukia kwenye 1 na kubaki humo. Kila mmoja anafuata kanuni kwa uaminifu mtupu. Kila mmoja, ukimuuliza, atakuambia neno lile la watoto wa kiti cha nyuma: kaanza yeye.

Na si lazima gunia linyeshewe. Mwaka 2003 Sukhwinder Shergill na wenzake wa University College London walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo Heywood angelipenda, kwa kuwa lilikuwa "tip for tap" halisi, kidole kwa kidole. Watu wawili wawili waliwekwa kwenye mashine. Mmoja anabonyezwa kidole, kisha anambonyeza mwenzake kwa nguvu ileile aliyoisikia, wala asizidishe. Mwenzake naye ameambiwa vivyo hivyo, ila kila mmoja hajui mwingine ameambiwa nini. Nguvu ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja kila zamu. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Ubongo hupunguza hisia ya kitendo tunachokifanya wenyewe, na ni kwa sababu hiyohiyo mtu hawezi kujitekenya akacheka. Kwa hiyo kikofi nilichotoa daima nakisikia chepesi, na nilichopokea nakisikia kizito, hata kama mizani inasema ni sawa. Ngangari inajibiwa ngunguri, na kila upande unaapa kwamba umerudisha ulichopewa.

Mwaka 1992 Martin Nowak na Karl Sigmund waliujaribu mchezo huo katika dunia yenye makosa, na humo Tit for Tat ya Rapoport ilisaidia kuwaondoa matapeli, kisha yenyewe ikapitwa na nyingine iliyo ndugu yake, ile ya ukarimu. Ukiwa mwaminifu, nayo inakuwa mwaminifu. Ukitapeli, kwa kawaida inakurudishia, ila mara moja moja inameza na kutoa mahindi mazuri kana kwamba haikuona kitu. Kwa pointi zile za 5, 3, 1 na 0, kiwango kinachofaa ni takriban mara moja katika kila tatu. Na mara hiyo moja lazima ichaguliwe kwa bahati nasibu, kwa sababu mwenzako akishaijua siku utakayomsamehe, atakutapeli siku hiyo.